Kawia Ufike: Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Mwanza na Bukoba

Swali ambalo wasafiri wa Kanda ya Ziwa huulizana mara kwa mara ni jepesi kwa kulisikia: kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza hadi Uwanja wa Ndege wa Bukoba ni umbali gani, na safari huchukua muda gani? Jawabu lake nalo laonekana jepesi. Umbali, kwa mstari ulionyooka juu ya ziwa, ni kilomita 175 hivi. Muda, kwa kutegemea aina ya ndege, ni baina ya dakika 40 na 50. Muulizaji hushukuru, akanunua tiketi yake, akaenda zake.

Sisi tunaona kwamba jawabu hilo halitoshi. Ndani ya tarakimu hizo mbili mna mambo ambayo kila mwananchi anayepanda ndege, na kila kiongozi aliyekabidhiwa dhamana ya viwanja vyetu, yampasa ayaelewe. Kilomita ni kazi ya maumbile. Hazipungui kwa amri wala haziongezeki kwa uzembe. Dakika ni kazi ya binadamu. Binadamu huzipunguza kwa akili, kwa vyombo na kwa utaratibu, na binadamu huyo huyo huziongeza kwa uvivu na kwa ukosefu wa mipango. Lakini pale anapotaka kuzipunguza dakika bila ya kuwa amejiandaa kuzipunguza, gharama hulipwa kwa roho za watu. Ziwa Victoria limekwisha kututoza gharama hiyo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo si vibaya tukakaa kitako tukaifanya hesabu hii upya, hatua kwa hatua.

HESABU YA ANGANI

Tuanze na kilomita. Uwanja wa Mwanza uko digrii 2 na dakika 27 kusini mwa Ikweta, na digrii 32 na dakika 56 mashariki. Uwanja wa Bukoba uko digrii 1 na dakika 20 kusini, na digrii 31 na dakika 49 mashariki. Msomaji mwenye kalamu atoe hesabu hiyo mwenyewe. Tofauti ya kusini na kaskazini ni digrii 1 na dakika 7, na tofauti ya mashariki na magharibi nayo ni digrii 1 na dakika 7. Kwa maneno mengine, Bukoba iko kaskazini-magharibi ya Mwanza barabara, kana kwamba mtu aliiweka pale kwa rula ya fundi.

Mabaharia wa zamani, na marubani walioirithi elimu yao, hupima safari kwa maili ya bahari. Maili hiyo ni sawa na dakika moja ya digrii juu ya uso wa dunia, yaani kilomita 1.852. Kwa hiyo kutoka Mwanza kwenda usawa wa Bukoba kaskazini ni maili 67, na kwenda usawa wake magharibi, kwa kuwa tuko karibu sana na Ikweta, ni maili 67 vilevile. Anayekata pembe moja kwa moja, kwa kanuni ile ya pembetatu tuliyofundishwa sote shuleni, atakwenda maili 95 hivi. Zidisha kwa 1.852, utapata kilomita 175 na ushei. Hakuna siri yoyote humo. Mtoto wa sekondari aweza kuyafanya hayo kwa daftari na penseli, na tungefurahi kuwaona walimu wetu wa hisabati na jiografia wakiwapa wanafunzi hesabu za namna hii, za mahali wanapoishi, badala ya hesabu za miji wasiyoijua.

Sasa tutazame mwendo. Ndege ya mapanga aina ya ATR, ambayo imezoeleka katika viwanja vya mikoa, ikishafika juu huenda karibu kilomita 500 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 175 ni safari ya dakika 21. Ndege aina ya Dash 8-400, ambayo ni ya kasi zaidi, yaweza kukaribia kilomita 650 kwa saa; kwake yeye hizo ni dakika 16. Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna Caravan huenda karibu kilomita 300 kwa saa, na kwake ni dakika 35. Iweje basi ratiba izungumze habari ya dakika 40 au 50? Hizo nyingine zimekwenda wapi?

DAKIKA ZIMEKWENDA WAPI?

Hazikuibwa. Katika usafiri wa anga, muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama tena mahali pa kuegesha mwisho wa safari. Mna dakika za kujongea polepole hadi mwanzo wa barabara ya kurukia. Mna dakika za kungoja ruhusa ya waongozaji. Mna dakika za kupanda, na ndege inayopanda haiendi kwa mwendo wake kamili. Katika safari fupi kama hii, ndege haijakaa sana juu, rubani huwa ameshaanza kuishusha. Tena ndege haiuelekei uwanja kama jiwe lililorushwa kwa manati. Sharti izunguke, ijipange sawasawa na barabara ya kutua, na kadiri iwezekanavyo itue ikiukabili upepo. Ikishatua, sharti ijongee tena hadi kituoni.

Wako wanaodhani kwamba upepo ndio unaoharibu ratiba. Kwa safari ndefu ni kweli, lakini kwa safari hii upepo hauna nguvu kubwa juu ya saa. Ndege ya mwendo wa kilomita 500 ikikutana na upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa, itachelewa kwa dakika mbili tu. Ikisukumwa na upepo huohuo kwa nyuma, itawahi kwa kiasi hichohicho au pungufu kidogo.

Hapa pana funzo la kwanza, na tunawaomba wenye madaraka walitafakari. Katika njia fupi, kuibadilisha ndege ya kilomita 500 kwa ndege ya kilomita 650 kwa saa huokoa dakika tano. Kupanga vizuri mambo ya ardhini, yaani ukaguzi wa abiria, upakiaji wa mizigo, taarifa za hali ya hewa na utayari wa uwanja, kwaweza kuokoa saa nzima. Sisi twapenda kusifia ndege mpya zinapowasili, na ni haki kuzisifia kwa kuwa ni mali ya umma. Hata hivyo, dakika za msafiri wa Bukoba zinapotea zaidi chini kuliko juu, na mwenye kutaka kuziokoa azitafute pale zinapopotelea.

ZIWA LINA TABIA YAKE

Baada ya kilomita na dakika, liko jambo la tatu ambalo halimo katika tiketi, nalo ni ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Eneo kubwa namna hiyo la maji hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa upesi, upepo ukageuka na kutoka pande zote za bara kuelekea ziwani. Pepo hizo zinapokutana juu ya maji yenye uvuguvugu, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi yakajengeka usiku wa manane. Na kwa kuwa pepo za jumla za sehemu hizi huvuma aghalabu kutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa kwenda magharibi, ambako ndiko iliko Bukoba.

Hiyo ndiyo sababu Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kupita ile ya Mwanza, na ndiyo sababu mvua yake hupenda kunyesha alfajiri na asubuhi. Ni neema kubwa kwa migomba na mibuni ya Kagera. Kwa rubani anayefika asubuhi katika miezi ya mvua, neema hiyo huweza kugeuka mtihani. Uwanja wenyewe umekaa ukingoni mwa ziwa, mji uko ubavuni, na vilima viko nyuma ya mji. Barabara yake ya kurukia ni ya takriban kilomita moja na nusu, ilhali ile ya Mwanza yazidi kilomita tatu. Kwa hiyo viwanja hivi viwili, ingawa vimetenganishwa na maili 95 tu, havimpi rubani nafasi iliyo sawa.

Tarehe 6 Novemba 2022, siku ya Jumapili, kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ilipokuwa ikijiandaa kutua Bukoba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndani yake mlikuwa na watu 43: abiria 39 na wafanyakazi wanne wa ndege. Watu 24 waliokolewa. Watu 19 walipoteza maisha, wakiwamo marubani wote wawili. Ndege ilikuwa imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani, ikaangukia umbali mfupi tu kabla ya kuifikia barabara ya kutua. Wavuvi wa Bukoba, kwa mitumbwi yao na kwa mikono yao, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika na kuanza kuwatoa wenzao majini.

Si kazi ya safu hii kuwahukumu marehemu, wala kuwafundisha wachunguzi kazi yao. Marubani wale walikufa kazini, na Taifa liliomboleza nao pamoja na abiria wao. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu moja: umbali ambao watu huuita mfupi haukuwafaa chochote watu 19 wale. Hatari za angani hazigawanywi kwa kilomita. Sehemu kubwa ya hatari iko pale ndege inaporuka na pale inapotua, na safari ya kilomita 175 ina kuruka kumoja na kutua kumoja, sawasawa na safari ya kilomita 5,000.

NJIA YA KURUDI

Hapa ndipo umbali wa Mwanza na Bukoba unapopata maana ambayo msafiri wa kawaida haioni. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zataka ndege ya abiria isibebe mafuta ya kufika iendako tu. Sharti ibebe na mafuta ya kuifikisha katika uwanja mbadala iwapo kule iendako hakuingiliki, na juu ya hayo, kwa ndege za injini za aina hii, mafuta ya akiba ya kukaa angani dakika 30 zaidi. Mafuta hayo hulipiwa, hubebwa, na siku nyingi hurudi nyumbani bila ya kuguswa. Mhasibu asiyejua mambo ataona kwamba ni hasara. Rubani anajua kwamba hayo ndiyo uhuru wake wa kusema hapana.

Kwa ndege inayokwenda Bukoba, Mwanza ni mahali pa kukimbilia palipo karibu na penye barabara ndefu ya kutua. Basi zile kilomita 175 ni njia ya kwenda, na pia ni njia ya kurudi. Ni dakika 21 za mwendo kamili, pamoja na nyingine chache za kujipanga na kutua. Mtu anayelala Mwanza usiku mmoja kwa sababu ya mawingu ya Bukoba hajapoteza safari yake. Amehifadhiwa. Wahenga walisema maneno mawili tu, na hakuna mwalimu wa urubani aliyeyapita kwa ufupi wala kwa uzito: kawia ufike.

Twalisema hili kwa sababu twaijua tabia yetu sote. Ndege ikitangazwa kuwa itachelewa kwa sababu ya hali ya hewa, utasikia manung'uniko kituoni. Huyu ana kikao, yule ana arusi, mwingine ana mzigo wa senene ambao hautaki kulala njiani. Mwenye cheo huanza kumwuliza kijana wa kaunta kama anajua anazungumza na nani. Kijana wa watu hana la kujibu, kwani mawingu hayajui cheo cha mtu. Manung'uniko hayo hayaishii kaunta. Hupanda ngazi hadi kwa msimamizi, kutoka kwa msimamizi hadi kwa mkuu wa shirika, na mwisho huweza kumfikia rubani kama uzito usioonekana mabegani mwake. Sisi twasema kwamba abiria ana haki ya kuelezwa ukweli, ana haki ya kupewa maji na mahali pa kukaa, na ana haki ya kusafirishwa mara hali inaporuhusu. Haki ya kumharakisha rubani hana, hata angekuwa nani.

ZIWA LA MELI NA MVUKO

Haitakuwa haki kuzungumza habari za ndege peke yake, kana kwamba watu wote wa Kagera husafiri kwa ndege. Wengi wao hawajaipanda hata siku moja. Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, buni ya Bukoba na watu wa Bukoba wamepita majini kuifuata reli hiyo. Meli ya MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961 imewabeba babu, baba na wajukuu, ikiondoka jioni au usiku na kufika ng'ambo asubuhi. Baada ya kulala miaka kadhaa bila kazi, ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Februari 2023 meli mpya ya MV Mwanza, yenye uwezo wa kuchukua abiria 1,200, ilishushwa majini mjini Mwanza.

Umbali wa majini hautofautiani sana na ule wa angani, kwani ziwa ni lile lile. Lakini muda ni wa usiku mzima, na usiku huo nao una historia yake. Alfajiri ya kuamkia tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilikuwa imekwisha kulivuka ziwa, imebakiza kipande tu cha safari kuifikia Mwanza, ikiwa na watu wengi kupita kiasi chake. Asubuhi ile ikapinduka. Waliokufa wakadiriwa kuzidi 800. Wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma, na hakuna familia ya Kagera isiyomjua mtu aliyempoteza mtu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikawachukua zaidi ya watu 200.

Tukiyaweka mambo haya pamoja tunaona kitu kimoja. Meli ya 1996 ilikuwa karibu kufika. Kivuko cha 2018 kilikuwa karibu kufika. Ndege ya 2022 ilikuwa karibu kufika. Mara zote tatu safari iliyokuwa imebaki ilikuwa fupi kiasi cha watu kuanza kuokota mizigo yao. Haifai basi kwa mtu anayeishi kando ya ziwa hili kusema kwamba mahali fulani ni karibu, hivyo hapahitaji uangalifu. Yaliyotupata yametufundisha kwamba karibu ndipo penye kuhitaji uangalifu zaidi.

Nchi kavu nako mambo yamebadilika. Barabara ya kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa kupita Sengerema na Geita yazidi mara mbili ya njia ya angani, kwa sababu sharti ilizunguke ziwa kwa kusini. Kwa miaka mingi msafiri alikwama Kigongo akingoja kivuko cha kumpeleka Busisi, pengine saa mbili, pengine zaidi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, lililoanza kujengwa mwaka 2020. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hulivuka kwa muda usiotimia dakika nne. Umbali kati ya Kigongo na Busisi haukupungua hata inchi. Kilichopungua ni muda, na kilipungua kwa kazi ya mikono na kwa fedha za wananchi. Huu ndio upunguzaji wa dakika ulio halali.

SAFARI YA MLANGO KWA MLANGO

Tukubaliane basi kwamba muda wa safari sharti upimwe kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Mtu wa katikati ya jiji la Mwanza ana kilomita kama kumi hivi za kufika uwanjani, na foleni ya magari haina huruma. Hutakiwa awepo saa moja au zaidi kabla ya ndege kuruka. Husafiri dakika 45. Akifika Bukoba husubiri mzigo wake, kisha, kwa bahati njema, yuko mjini tayari, kwa kuwa uwanja wa Bukoba umepakana na mji wenyewe. Jumla yake si dakika 45. Yakaribia saa tatu. Bado ni nafuu kubwa mbele ya usiku mzima wa meli au sehemu kubwa ya siku ndani ya basi. Lakini mwenye nyumba Karagwe au Ngara, akishuka Bukoba, ana safari nyingine ya saa kadhaa mbele yake, na hiyo haimo katika ratiba ya shirika lolote la ndege.

Kwa nini twasisitiza jambo hili? Kwa sababu wako watu ambao kwao saa hizo si za starehe wala za biashara. Hospitali ya Bugando ya Mwanza ndiyo ya rufaa kwa kanda nzima. Mgonjwa anayepelekwa huko kutoka Kagera hupimiwa maisha yake kwa saa. Kwake yeye, swali la umbali wa viwanja viwili si la mtalii. Kama ndege haipo, au nauli haifikiki, hizo kilomita 175 za angani ni sawa na hakuna. Umbali wa kweli wa mnyonge ni ule wa njia anayoimudu. Mpango wowote wa usafiri unaomsahau huyo utakuwa umepima ziwa na kuwasahau watu wanaolizunguka.

YAPASAYO KUTENDWA

Tunatoa maoni yetu kwa unyenyekevu, lakini pia kwa uwazi.

Kwanza, viwanja vya mikoa visihesabiwe kuwa watoto wa kambo. Ndege inayotua Bukoba ina abiria wenye thamani sawa na abiria wanaotua Dar es Salaam. Uwanja ulio kando ya maji, wenye mvua nyingi na barabara fupi ya kutua, ndio wenye haki ya kwanza ya kupewa vyombo vya kumwongoza rubani, taa imara, na vipimo vya mawingu, upepo na umbali wa kuona vinavyosomwa dakika hadi dakika. Kuupelekea uwanja mgumu vyombo hafifu ni kuuongezea ugumu.

Pili, taarifa za hali ya hewa za ziwa zimfikie kila mwenye kuzihitaji kwa wakati: rubani, nahodha na mvuvi. Tumeeleza hapo juu jinsi mawingu yanavyojengeka usiku na kusukumwa magharibi. Ikiwa twaijua tabia hiyo, basi ratiba za ndege nazo zipangwe kwa kuizingatia. Katika miezi ya mvua, kuisogeza safari kutoka asubuhi kwenda saa ambayo mbingu hutulia si aibu kwa shirika lolote.

Tatu, uokoaji uandaliwe kabla ya msiba. Uwanja ulio kando ya ziwa uwe na boti zenye mafuta, wapiga mbizi wenye vifaa, na mazoezi yanayofanywa kwa tarehe zinazojulikana. Wavuvi waliojitolea mwaka 2022 walitupa somo: jeshi la kwanza la uokoaji ni watu walio karibu. Basi watu hao wapewe mafunzo, wapewe maboya na kamba, na wajue nani wa kumsikiliza. Ushujaa wao wausifu kila mtu, lakini ushujaa usifanywe kuwa badala ya maandalizi.

Nne, ndege, meli na basi zipangwe kama ndugu wa nyumba moja. Ndege ikizuiwa na mawingu, abiria ajue meli inaondoka saa ngapi na basi linaondoka saa ngapi. Mtu mwenye njia tatu hana sababu ya kuilazimisha moja wapo siku ambayo haipitiki. Wingi wa njia wenyewe ni ulinzi.

Tano, na hili latuhusu sisi abiria, tujifunze subira. Tunapopanga safari ya kwenda msibani, kikaoni au mahakamani, tuweke nafasi ya siku moja pale inapowezekana. Tukitangaziwa kuchelewa kwa sababu ya mawingu, tuulize sababu kwa adabu, tukae. Tusimtukane kijana wa kaunta, tusimpigie mkubwa simu. Tukumbuke kwamba yule anayetuambia ngoja aweza kuwa ndiye anayeturudisha kwa watoto wetu.

Tulianza na swali jepesi, nasi twalijibu tena, safari hii kwa ukamilifu wake. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza hadi Uwanja wa Ndege wa Bukoba ni kilomita 175, na miaka mia ijayo zitakuwa kilomita 175 zilezile. Kuzivuka ni kazi ya dakika 40 au 50 siku ambayo mbingu imeruhusu, uwanja uko tayari na rubani ameridhika. Siku ambayo mojawapo ya hayo matatu halipo, safari ni ya muda wowote utakaohitajika, uwe ni saa moja, uwe ni siku nzima, na asitokee mtu wa kuuona muda huo kuwa umepotea. Wale 19 wa mwaka 2022, na wale mamia wa mwaka 1996, hawakuwa na haja ya kufika mapema. Walikuwa na haja ya kufika.